Nani Ana Uwezo wa Kusubiri?



Nimeombwa nizungumzie ushindi mdogo wa kila siku na matumizi ya muda. Mada hii kwa kawaida hutufikia ikiwa imevaa suti, na ushauri wake ni uleule: amka saa kumi na moja alfajiri, andika mipango yako kwenye daftari, zima simu, usiahirishe jambo. Sina ugomvi na ushauri huo. Ila kwa sehemu kubwa unamfaa mtu ambaye saa zake tayari ni zake. Mama anayengoja zamu kisimani, kijana anayengoja zamu ya karasha la kusagia mawe, mkulima anayengoja mnunuzi wa pamba afungue mizani, hao wote muda wao umeshikwa na mtu mwingine. Ukimwambia aupange, unamwambia apange mali isiyo yake.

Kwa hiyo nitaizungukia mada kwa njia nyingine. Katika ukanda huu wetu, kuanzia Mwadui hadi Kahama, na kutoka Kahama hadi Nyarugusu na Geita mjini, nani ana uwezo wa kusubiri? Asiyekuwa nao anaupata wapi? Nitakachokisema leo, kwa mifano mbalimbali, ni kwamba ushindi mdogo una thamani pale unapokununulia siku za kusubiri. Usipokununulia hata siku moja, huo ni faraja tu. Faraja si kitu kibaya, lakini haina haja ya mhadhara.

Nianze na dhahabu, maana ndiyo inayotunyima usingizi.

Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi za Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Mgodi wa zamani ulichimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Huu mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, Buzwagi 2009, na Buzwagi umeshafungwa, tangu 2021. Upande wa almasi, Mkanada John Williamson aliipata Mwadui mwaka 1940 baada ya kutafuta kwa miaka. Hadithi ya Williamson kila mtoto wa Shinyanga ameisikia, na angalieni tunavyoisimulia: tunasimulia siku aliyopata. Miaka ya kutafuta tunaipitia kwa sentensi moja, kama nilivyofanya mimi sasa hivi.

Hebu tuchungulie ndani ya uzio wa mgodi mkubwa. Tukiwa nje tunadhani humo watu wanazoa utajiri kwa koleo. Tani nzima ya mwamba katika migodi hii hutoa gramu chache tu za dhahabu. Tani moja ni kilo elfu! Lori linalopanda kutoka kwenye shimo la Geita, lile ambalo tairi lake linampita mtu kimo, limebeba mawe ambayo dhahabu yake yote ingekaa kwenye kiganja cha mtoto. Kwa hiyo kazi ya humo ndani ni kuhesabu: gramu kwa tani, lita za dizeli, dakika ambazo lori limesimama bila kazi, zamu inaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Mgodi mkubwa kuliko yote tunayoijua unaishi kwa vijisehemu vidogo ambavyo mchimbaji mwenye haraka angevidharau. Hauna bahati kutuzidi. Una mtaji wa kungoja vijisehemu hivyo vikusanyike.

Sasa njooni upande wetu. Kijana wa duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji wadogo, hana mshahara. Ugali na maharage anakula kwa mfadhili wa duara, na malipo yake ni mgao wa mifuko siku mawe yatakapotoka. Yanaweza kutoka mwezi huu, yanaweza kutoka baada ya miezi mitano, yanaweza yasitoke kabisa. Katikati hapo mtoto anaumwa, mama kule Maswa anapiga simu, viatu vinachanika. Anakopa dukani. Anakopa kwa broka. Siku mawe yakitoka, nusu ya mgao imeshaliwa, na nusu iliyobaki bei yake inapangwa na aliyemkopesha.

Mwaka 2019 serikali ilianza kufungua masoko ya madini, na la Geita likawa miongoni mwa ya kwanza. Ni jambo jema, nalisema bila kusita, maana sasa bei ya siku inajulikana na mizani inakaguliwa. Lakini mwenye deni hafiki sokoni. Dhahabu yake inaishia njiani, mkononi mwa aliyemlisha miezi mitatu iliyopita. Bei ya soko ni ya mtu anayeweza kusema "nitauza kesho".

Tazameni na mawe yenyewe yanavyopita. Yanatoka duarani kwenye viroba, yanasagwa karashani, yanaoshwa mwaloni, kisha zebaki inaikamata dhahabu. Zebaki ina haraka kama mwenye mawe, na kwa haraka hiyo mara nyingi haikamati hata nusu. Dhahabu nyingine inabaki ndani ya mchanga tunaouita marudio. Yanakwenda wapi hayo marudio? Mara nyingi yanabaki kwa mwenye karasha kama sehemu ya malipo ya kusaga, au yanauzwa kwa bei ya kutupa kwa mwenye mtambo wa kuchenjua kwa sayanaidi. Huyo anayalundika, anayaloweka kwa siku kadhaa, anavuna. Hakuchimba, hakushuka chini, hakuvuta vumbi la karasha. Akili yake na ya mchimbaji ni sawa. Tofauti yao ni kwamba mmoja anahitaji hela ya leo jioni na mwenzake anaweza kukaa wiki mbili bila hela hiyo. Dhahabu inayopotea kati ya jioni na wiki mbili ndiyo ada ya kutokuwa na uwezo wa kusubiri, na inalipwa kila siku, na hakuna anayempa mchimbaji risiti.

Mtaniambia: mbona wapo waliotoka kimasomaso kwa siku moja? Mbona Saniniu Laizer, kule Mererani, Juni 2020, aliuza mawe mawili ya tanzanaiti akalipwa shilingi bilioni 7.7? Ni kweli, na nchi nzima ilishangilia. Lakini soma tena habari zake. Laizer alikuwa mfugaji mwenye ng'ombe wengi, na mchimbaji mwenye wafanyakazi wake, aliyekuwa akichimba kwa miaka. Bahati ilimkuta mtu ambaye wiki mbaya isingemfukuza mgodini. Wangapi walikuwa karibu na jiwe lao wakalazimika kuondoka wiki moja kabla kwa sababu ya deni la dukani, hatutajua, kwa kuwa hao hawapigwi picha.

Mkeka wa kubashiri mechi za Ulaya nao ni duara, ila hauna hata mawe. Naliacha hilo hapo, vijana mmenielewa.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye jambo ambalo hapa Shinyanga tulilifanya wenyewe, likatambuliwa na dunia, na watoto wetu wanalisikia kwa nadra zaidi kuliko wanavyosikia habari za Williamson. Nazungumzia ngitili.

Wazee hawahitaji maelezo, ila vijana wa mjini niwaambie. Mvua zinapoanza, Msukuma mfugaji anafunga kipande cha malisho. Nyasi zinakua, ng'ombe wanapita pembeni wakitazama, na hakuna anayeingia. Kinapofika kiangazi chenyewe, Julai au Agosti, pale nje pamebaki vumbi, ndipo anapofungua. Na hafungui pote. Anafungua sehemu, ikiliwa ikaisha anafungua nyingine. Wa kwanza kuingia ni ndama, wagonjwa na wazee, wale wasioweza kuufuata mfugo mbali. Ni ratiba iliyochorwa ardhini, na aliyeibuni hakuwa na saa ya mkononi.

Ratiba hiyo iliharibiwa na watu wengi kwa nyakati tofauti. Wakoloni walifyeka misitu kwa makusudi kupambana na mbung'o. Mashamba ya pamba yakatanuka. Mifugo ikaongezeka. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu ikawaweka mbali na ngitili zao. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa la Tanzania, na ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600 tu, katika mkoa ambao wakati huo ulijumuisha hadi Bariadi na Meatu. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI.

Kilichotokea mwanzoni ni cha kutafakari. Mradi ulianza kwa kishindo: vitalu vikubwa, miche ya miti ya kigeni, watu wahamasishwe wapande. Haukwenda mbali. Miche inataka maji, na maji ndiyo yaliyokuwa hayapo. Nayo miti ya kigeni haikuwa na nafasi moyoni mwa mtu aliyejua mti upi unatibu tumbo la ng'ombe na upi unafaa kwa nyuki. Ndipo wataalamu wakaanza kuwasikiliza wenyeji, na wenyeji wakasema: funga kipande. Usipande, funga tu. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vilikuwa na mizizi hai chini ya ardhi, na vikiachwa misimu michache vinachipua vyenyewe.

Kaya moja ikafunga ekari chache. Jirani akaona nyasi mwezi wa tisa, akafunga na yeye. Kijiji kikafunga eneo la pamoja, Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ikaweka sheria na faini kwa anayeingiza mifugo kabla ya wakati, sungusungu wakasimamia. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyostahili kutangazwa redioni. Mradi ulipofikia tamati mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto, katika vijiji 833. Utafiti uliofanywa wakati huo ulikadiria kwamba asali, kuni, majani ya kuezekea, dawa, uyoga na malisho ya ngitili vilimpa kila mtu faida ya dola 14 kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania kwa wastani yalikuwa dola 8.50.

Mwaka 1984, miaka miwili kabla ya HASHI, msomi wa Kimarekani Karl Weick aliandika makala iliyopata umaarufu mkubwa. Alidai kwamba tatizo likitajwa kwa ukubwa wake wote watu hupooza, lakini likikatwa vipande vinavyoweza kukamilika, kila kipande kinachokamilika huleta washirika wapya na kukifanya kipande kinachofuata kiwe chepesi. Sidhani kama aliwahi kusikia neno ngitili. Angepita Shinyanga mwaka 2000 angeikuta hoja yake imeota majani.

Ila mimi kuna kitu naongeza. Tukizungumzia ushindi mdogo tunafikiria kufanya: nimemaliza hili, nimekamilisha lile, natia alama ya vema kwenye daftari. Ushindi wa ngitili ni wa kutofanya. Mwezi wa Machi nyasi ziko kiunoni, ng'ombe wako hapo, na wewe huwapeleki. Siku hiyo ukiulizwa umefanya nini, huna jibu. Jibu linakuja Septemba. Akina mama wanaokausha viazi wananielewa. Michembe na matobolwa vinatengenezwa wakati viazi vimejaa hadi watoto wamechoka kuvila, na katika msimu huo hakuna anayekupongeza kwa kuanika chakula juani badala ya kukiuza. Ifikapo Januari, mahindi yamepanda bei, jirani anayanunua tena mahindi aliyoyauza mwenyewe Juni kwa bei ya chini, nawe unachemsha chungu chako kimya kimya.

Nirudi maduarani na swali la wazi: mchimbaji atafungaje ngitili, wakati hana ardhi na kipato chake kinakuja kwa kishindo kisha kinapotea miezi?

Wengi mtajibu: kikundi cha akiba. Mko sahihi, nami nitakisifu kikundi kabla ya kukikosoa. Utaratibu huu wa hisa, mfuko wa jamii na sanduku la kufuli tatu, ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima. Hapa kwetu umekuta watu ambao tayari walikuwa wanacheza upatu na kulimiana mashamba kwa ngoma ya bugobogobo, kwa hiyo haukuwa mgeni sana. Watu husifu fedha iliyomo sandukuni. Mimi nasifu zaidi mkutano wenyewe. Kwa mama ntilie wa mgodini anayepika kwa kufuata zamu za wengine, saa tisa ya Jumatano ya kikundi huenda ndiyo miadi pekee ya wiki ambayo ameipanga mwenyewe, na anayechelewa anatozwa faini.

Sasa ukosoaji. Vikundi vingi vinavunja sanduku Desemba. Kwa nini Desemba? Kwa sababu ya sikukuu, na kwa sababu kikundi cha jirani nacho kinavunja Desemba. Mwaka mzima mmeweka kidogo kidogo, halafu fedha yote inatoka katika wiki ambayo nauli ziko juu, bei ziko juu na kila ndugu anajua kwamba mmevunja. Mbolea na mbegu zilihitajika mwezi mmoja au miwili kabla. Sare na michango ya shule itahitajika wiki tatu baadaye, fedha ikiwa imeshakwisha. Wekeni tarehe mbili kwa mwaka: moja kabla ya mvua za vuli, nyingine wiki ya kwanza ya Januari. Mambo yote mengine yabaki kama yalivyo. Nimeona vikundi vinabishana mkutano mzima kama hisa iwe elfu mbili au elfu tano. Tarehe ya kuvunja ina uzito kuliko hilo, na haiongezi gharama hata senti.

Kwa mchimbaji, hisa ya kila wiki ni mateso. Wiki nane hana kitu, ya tisa ana milioni. Anashindwa mara tatu kuleta hisa, anaona aibu, anaacha. Kwa hiyo nawapa pendekezo, mlijadili na mlikatae kama halifai: kwenye maduara mnayoyamiliki pamoja, akiba itoke kwenye mgao wenyewe, kabla haujafika mkononi mwa mtu, na itoke ikiwa bado mawe. Kiroba kimoja katika kila kumi kiwekwe stoo yenye kufuli, kwa jina la wote, na kisagwe kwa tarehe mliyokubaliana. Mawe hayaozi, hayaombwi na shemeji, hayanunui mkeka. Najua swali la ulinzi litakuja, na ni swali la haki. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya kulinda mali inayotembea kwa miguu minne, sidhani kama viroba vitawashinda.

Ipo namna nyingine ya ushindi mdogo ambayo ni ngumu zaidi kuithamini, kwa sababu matunda yake ni jambo ambalo halikutokea. Oktoba 2015, Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji sita walinaswa chini ya ardhi. Mmoja alifariki humo. Watano walitolewa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa maji ya kudondoka, mizizi, mende na vyura. Tulilisimulia kama muujiza, na ulikuwa muujiza. Agosti 2025, Nyandolwa, humuhumu mkoani, watu 25 walifukiwa wakati wa ukarabati wa maduara, na safari hiyo hatukuwa na muujiza wa kusimulia. Sizungumzii chanzo cha ajali hizo, hilo lina wenyewe. Nasema hivi: kukagua matimba asubuhi kabla ya kushuka, kubadilisha ubao uliooza, kupandisha watu mvua kubwa ikinyesha, kunakula nusu saa, pengine siku nzima. Mwisho wa siku hiyo duara liko vilevile, kila mtu anakula ugali, na hakuna cha kuandika. Mfadhili ataiona ni siku iliyopotea. Hapo ndipo uwezo wa kusubiri unapokuwa suala la uhai. Mtu anayedaiwa hashuki duarani kwa hesabu ileile ya mtu asiyedaiwa. Anayedaiwa atashuka mvua ikinyesha.

Nilisema mwanzo kwamba muda wa wengi wetu umeshikwa na mtu mwingine. Nisimalize bila kulirudia hilo, kwa sababu mihadhara ya namna hii ina tabia ya kumbebesha mtu mmoja mmoja mzigo wa wote. Mambo mawili yaliyorudisha muda mwingi kwa watu wa ukanda huu katika miaka ya karibuni hayakutoka kwenye daftari la mtu binafsi.

La kwanza ni maji ya Ziwa Victoria. Bomba la kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama lilizinduliwa mwaka 2009. Wakubwa walilijadili kama suala la mkataba wa Nile wa 1929, na Tanzania ilifanya vyema kutoutambua mkataba ambao uliwekwa na wengine. Kwa mama wa Shinyanga mambo yalikuwa mafupi zaidi: alfajiri ilirudi kwake. Msichana aliyekuwa anafika darasani kipindi cha pili kwa sababu ya ndoo, akaanza kufika cha kwanza. Vipo vijiji ambavyo bomba linapita karibu bila kuviachia hata tone, na ukienda huko kufundisha usimamizi wa muda, nenda na fundi bomba.

La pili ni daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya ziwa. Mnakumbuka kivuko. Ukitoka Mwanza kwenda Geita ulikuwa huwezi kusema utafika saa ngapi. Ulisema utafika kivuko kikipatikana. Gari la wagonjwa nalo lilisema hivyohivyo. Sasa ni dakika chache. Lakini foleni ile iliwalisha watu: wauza samaki wa kukaanga, karanga, maji, mahindi ya kuchoma. Muda tulioupata sisi abiria, wao waliupoteza kama soko. Sisemi daraja lisingejengwa, ni upuuzi kusema hivyo. Nasema muda unaookolewa una bili, na mara nyingi bili hiyo analetewa mtu ambaye hakusafiri.

Na hapo ndipo ninapowageukia waheshimiwa madiwani na maofisa maendeleo ya jamii mlioketi mbele. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri za ukanda wa dhahabu zina mapato ambayo wenzao wa mikoa mingine wanayaota, kwa sababu ya ushuru wa huduma unaotoka migodini. Kwa hiyo fedha ipo. Kinachokosekana ni kalenda. Mkopo unaoharakishwa Juni ili mwaka wa fedha usifungwe na bakaa unafika wakati shamba limeshavunwa, mahindi yameshauzwa mabichi, na mama ameshakopa kwa riba ya kunyonga. Unafika ukiwa umechelewa miezi minane, au umewahi miezi minne, vyovyote mtakavyohesabu. Kamati zikae Julai, vikundi vihakikiwe Agosti, fedha itoke Septemba kabla ya mvua. Kwa vikundi vya wachimbaji wenye leseni, mkopo wa kuwawezesha kuyatunza marudio yao na kuyachenjua kwa pamoja utawarudishia dhahabu ambayo sasa hivi wanaiacha mwaloni kila jioni.

Hilo halihitaji bajeti mpya wala kibali cha Dodoma. Linahitaji tarehe iandikwe kwenye ratiba ya vikao vya baraza la madiwani, na sisi tuliomo humu ukumbini twende kusikiliza siku ratiba hiyo itakaposomwa.

 Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali, na ningefurahi la kwanza litoke kule nyuma waliko akina mama wa mwaloni.